Kwa nini mtu alipe maelfu ya dola kwa waya wa spika

Ziko jozi za waya wa spika zinazouzwa kwa zaidi ya dola 30,000. Hiyo si bei ya spika wala ya amplifaya, ni ya waya peke yake: mita mbili tatu kila upande, kutoka mgongoni mwa amplifaya hadi kwenye spika. Ndani mna shaba au fedha iliyosafishwa kupita kawaida, nje umesukwa kwa nyuzi za kupendeza, na vichwa vyake vimepakwa dhahabu. Wanaozinunua wanajua thamani ya pesa. Miongoni mwao wamo wahandisi, madaktari na wanamuziki, na ukimuuliza mmoja wao atakujibu bila kusitasita kwamba tofauti ameisikia kwa masikio yake: besi imekaza, sauti ya mwimbaji imesogea mbele, kila chombo kimekaa mahali pake.

Wahandisi wa sauti walio wengi watamwambia kwamba hakuna kilichobadilika. Ubishi huu ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 na bado unaendelea, na sababu mojawapo ya kutoisha ni kwamba maswali mawili yamefungwa pamoja. La kwanza, je, msikilizaji alisikia tofauti? La pili, je, tofauti hiyo ilitoka kwenye waya? Unaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili bila kumvunjia mtu heshima. Huko ndiko ninakosimama.

Waya wa taa ya mezani

Kabla ya miaka hiyo waya wa spika haukuwa na jina. Aliyenunua mashine ya santuri na spika zake alikata kipande cha waya mwembamba wa nyuzi mbili, uleule wa taa ya mezani, akaunganisha, akasahau. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 watu wachache huko Japani, Ufaransa na Marekani wakaanza kusema hadharani kwamba waya mnene, au uliosukwa kwa namna fulani, unatoa sauti tofauti. Mmoja wao alikuwa Noel Lee, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya Lawrence Livermore huko California na ambaye pia alikuwa mpiga dramu. Alilinganisha nyaya nyumbani kwake, akatengeneza waya mnene wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani yake, akauita Monster Cable. Wengine wakafuata: Ray Kimber huko Utah mwaka 1979, Bill Low na kampuni yake ya AudioQuest mwaka 1980. Haikuchukua muda, kitu kilichokuwa kikipimwa kwa mita dukani karibu na balbu na swichi kikawa na sanduku lake, jina lake na wahakiki wake magazetini.

Lee alikuwa na hoja. Ule waya mwembamba wa zamani ulikuwa na kasoro ya kweli, na kasoro hiyo inapimika.

Spika nyingi huandikwa kuwa na ukinzani wa omu 8 au 4; ukinzani ni kiasi ambacho kitu huzuia umeme kupita, na omu ndiyo kipimo chake. Waya nao una ukinzani wake mdogo, na nguvu inayoishia humo haiifikii spika. Chukua waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule ambao mafundi umeme hupitisha ukutani kwa ajili ya soketi, wenye urefu wa mita 3. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 6. Ukinzani wake wote ni takriban omu 0.04. Kwa spika ya omu 8, sauti inapungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.05 hivi, kiasi ambacho sikio la binadamu halikigundui. Sasa chukua waya wa milimita 0.5 za mraba, uuvute mita 10 hadi kwenye spika ya omu 4. Ukinzani unakaribia omu 0.7 na upotevu unazidi desibeli 1. Hapo mtu anasikia.

Tena si kiwango cha sauti peke yake. Ile omu 8 iliyoandikwa nyuma ya spika ni makadirio. Spika moja inaweza kuwa na omu 3 kwenye noti fulani na omu 30 kwenye noti nyingine. Waya mwembamba unanyang'anya zaidi pale ambapo ukinzani wa spika umeshuka, na kidogo pale ulipopanda, hivyo uwiano kati ya sauti nzito na nyembamba unavurugika. Mtu aliyetoka kwenye waya wa taa mrefu akahamia kwenye waya mnene mwaka 1979 alisikia mabadiliko ya kweli, na haki yake kuyasimulia.

Lakini dawa ya kasoro hiyo ni unene tu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika, na shaba ya kawaida iliyo nene vya kutosha inalifikia lengo hilo kwa bei ya duka la vifaa vya umeme. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 5 au 6 hivi. Ongeza unene wa shaba kwa kiasi hichohicho na faida ya fedha imekwisha. Shaba isiyo na oksijeni, inayotajwa karibu kila tangazo, hupitisha umeme vizuri kuliko shaba ya kawaida ya nyaya kwa asilimia 1 hivi. Na dhahabu, kwa taarifa ya wengi, hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Kazi yake kwenye pini ni kutoota kutu. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ya chumvi hugeuza pini kuwa za kijani, kazi hiyo ni ya maana kweli. Ila upako huo ni mwembamba mno, na hata pini za bei ya chini huwa nao.

Sayansi iliyohamishwa makazi

Anayesoma matangazo ya kebo za bei kubwa hukutana na maneno mazito: umeme unaokimbilia ngozi ya waya, mawimbi yanayorudi nyuma, sauti nyembamba zinazofika mapema kuliko sauti nzito. Ni rahisi kudhani yote yametungwa. Hayakutungwa. Ni sayansi halali, ila ilizaliwa kwenye nyaya za aina nyingine kabisa.

Mwaka 1858 kebo ya kwanza ya simu ya maandishi ilivutwa chini ya bahari ya Atlantiki. Ujumbe wa Malkia Victoria kwa rais wa Marekani ulikuwa na maneno 98, na ulichukua kama saa 16 kupita. Waya wenye urefu wa maelfu ya kilomita, uliozungukwa na maji ya bahari, hujaa umeme na kumwagika polepole, na alama zilizotumwa zikiwa zimeachana hufika zimekanyagana. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, ndiye aliyekokotoa tabia hiyo, na Oliver Heaviside akaiboresha hesabu yake. Wahandisi wa kebo zilizofuata, ikiwemo ile iliyotoka Aden ikafika Zanzibar mwaka 1879, walilazimika kuzijua kanuni hizo, la sivyo ujumbe usingesomeka.

Tofauti ni urefu. Binadamu husikia hadi hertzi 20,000, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde, na kwenye waya wimbi la hertzi 20,000 lina urefu wa kilomita 10 hivi. Ili waya wako wa spika uanze kuwa na tabia za kebo ya Atlantiki kwa sauti unazozisikia, ungepaswa kuvutwa mwendo wa kilomita. Sebuleni una mita 3. Umeme kukimbilia ngozi ya waya nako ni jambo halisi, na wahandisi wa mitambo ya redio wanalishughulikia kila siku, lakini kwa hertzi 20,000 umeme huzama kwenye shaba kiasi cha nusu milimita kutoka kila upande, na waya wa milimita 2.5 za mraba una kipenyo kisichofika hata milimita 2. Athari yake kwenye sauti ni ndogo mno. Mtangazaji wa kebo hakudanganya aliposema jambo hilo lipo. Amenyamazia ukubwa wake, na mnunuzi asiye na mizani ya kupimia hana namna ya kujua.

Kwenye kebo za dijitali mambo ni mepesi zaidi. AudioQuest imewahi kuuza kebo ya mtandao wa kompyuta kwa takriban dola 10,000 kwa mita 12. Kebo ya aina hiyo hubeba namba. Namba zikifika salama, faili ya muziki iliyofika ni ileile iliyotoka. Zisipofika, kompyuta huziomba tena. Kebo mbovu ya HDMI hutoa vidoa kwenye picha au ukimya wa ghafla. Haina njia ya kuifanya besi kuwa laini au sauti ya mwimbaji kuwa na joto, kwa sababu besi na sauti hazimo ndani yake kwa sura hiyo.

Mahali waya unapoamua

Sitaki msomaji aondoke akidhani waya ni waya tu. Kuna mahali unaamua sauti, na inashangaza kwamba huko pesa hazimwagwi kwa kiasi kile.

Gitaa la umeme ni mfano mzuri kuliko yote. Koili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi hutoa umeme dhaifu wenye ukinzani mkubwa, na kebo ndefu hufanya kazi kama pipa dogo linalomeza sauti za juu kabla hazijafika kwenye amplifaya. Mpiga solo wa rumba au wa benga, ambaye maisha yake yote yako kwenye ule ung'avu wa nyuzi nyembamba, akibadilisha kebo ya mita 3 kwa ya mita 10 atausikia ung'avu ukififia. Si imani. Unaweza kuhesabu kwa kalamu. Sindano nyingi za santuri zina tabia iyo hiyo, ndiyo maana watengenezaji wake huandika ni kapasitansi kiasi gani, yaani ukubwa gani wa pipa hilo, kebo na amplifaya ziwe nayo.

Halafu kuna mvumo. Kwetu umeme hutembea kwa hertzi 50, na vyombo viwili vilivyochomekwa kwenye soketi mbili tofauti vinaweza kupitishiana mkondo mdogo kupitia waya wa ethi na ganda la kebo ya sauti. Matokeo yake ni ule mngurumo wa chini unaojulikana kwenye kumbi za harusi, makanisani na misikitini. Kebo ya dola 1,000 haiuondoi, kwa kuwa kosa haliko ndani ya kebo. Unauondoa kwa kurekebisha ethi, kwa transfoma ndogo ya kutenganisha, au kwa kebo za pini tatu zinazopeleka sauti mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, ili kelele iliyoingia njiani ijifute yenyewe upande wa pili. Njia hiyo ndiyo ya studio zote kubwa. Nyaya za studio, za Mogami, Canare au Belden, huuzwa kwa dola chache kwa mita. Wimbo wowote unaoupenda umeshapita kwenye makumi, pengine mamia ya mita za nyaya hizo kabla haujafika kwako. Kama waya wa dola chache ungekuwa unaharibu muziki, uharibifu ungekuwa umeshafanyika studio, na mita tatu za mwisho zisingeweza kuurudisha.

Na kwenye magari waya ni jambo la usalama kabisa. Amplifaya ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampia 80. Mafundi wanaofunga muziki kwenye matatu za Nairobi wanajua kwamba waya mwembamba kutoka kwenye betri huifanya besi ikate pumzi, na ukiendelea huyeyusha plastiki na kuwasha moto. Huko unene una bei yake na kila shilingi ina kazi.

Macho yalipofunikwa

Mwaka 1983 gazeti la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio lililoongozwa na Laurence Greenhill. Wasikilizaji walichezewa muziki na kelele ya majaribio kupitia nyaya tatu, Monster Cable, waya wa kawaida wa taa na waya mwembamba sana, bila kujua upi unafanya kazi wakati gani. Waya mwembamba sana uligundulika, hasa kwa ile kelele ya majaribio ambayo hufichua hata upungufu mdogo wa kiwango cha sauti. Lakini kwenye muziki, Monster Cable na waya wa taa ulio mnene kiasi havikutofautishwa. Hesabu za omu zilikuwa zimeshatabiri hivyo hivyo.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa akitoa changamoto ya dola milioni moja kwa atakayethibitisha jambo lisiloelezeka, aliielekeza changamoto hiyo kwenye kebo za Pear Anjou, zilizokuwa zikiuzwa dola 7,250 kwa jozi. Mazungumzo yalivunjika na jaribio halikufanyika. Mwaka 2015, huko Las Vegas, tovuti ya Ars Technica ikishirikiana na taasisi ya Randi iliwasikilizisha watu kebo ya mtandao ya AudioQuest na kebo ya bei rahisi, na wasikilizaji hawakuweza kuonyesha kwamba wanazitofautisha.

Wapenzi wa kebo wana jibu lao, nalo linastahili kusikilizwa. Wanasema jaribio la namna hiyo linamtia mtu wasiwasi, linamfanya asikilize kama yuko kwenye mtihani, na kwamba tofauti ndogo huhitaji majuma ya kuishi nazo. Ingekuwa hoja nzito kama wangekuwa wanasimulia tofauti ndogo. Lakini wanaposema pazia limeondolewa mbele ya muziki, kwamba hata mke aliyekuwa jikoni aliisikia, tofauti ya ukubwa huo haipaswi kupotea kwa sababu tu mtu hajui bei ya alichokisikia. J. Gordon Holt, mwanzilishi wa gazeti la Stereophile na baba wa uhakiki wa kusikiliza kwa masikio badala ya vipimo, alisema mwaka 2007 kwamba fani hii ilipoteza heshima yake ilipokataa kujipima kwa njia hiyo. Kwa mtu aliyeijenga nyumba hiyo kwa mikono yake, hilo ni neno zito.

Lakini alisikia

Hapa ndipo wabishi wengi wa upande wa sayansi wanapokosea adabu. Wakishasema waya haukubadilisha kitu, humwona msikilizaji kuwa mwongo au mpumbavu, na mjadala unafungwa. Mtu yule alisikia kitu. Tujiulize kilitoka wapi.

Pengine kilitoka kwenye hewa. Wimbi la sauti la hertzi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu. Unaponyanyuka kwenda kubadilisha waya kisha ukarudi kuketi, kichwa chako hakirudi palepale. Ukisogea kwa upana wa vidole viwili, sauti nyembamba zinazokufikia zikitoka kwenye spika na zile zinazogonga ukuta kwanza zinakutana kwa namna nyingine. Kipaza sauti cha kupimia kikiwekwa hapo huonyesha tofauti kubwa kuliko yoyote inayoweza kutoka kwenye waya.

Pengine kilitoka kwenye pini. Waya wa zamani ulikaa miaka, pini zikashika utando wa kutu. Kitendo cha kuuchomoa na kuchomeka mwingine kimekwangua utando huo na kurudisha mguso mzuri. Sauti imeboreka kweli, na waya mpya umechukua sifa ya usafi. Angeuchomoa ule wa zamani na kuuchomeka tena, huenda angepata hilohilo bure.

Na mara nyingi kilitoka kichwani, kwa maana iliyo ya heshima kabisa. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akitazama midomo inayotamka "ga" huku masikioni mwake ikichezwa sauti ya "ba", wengi husikia "da". Sikio halikuziba. Ubongo huunda sauti kutokana na kila ushahidi ulio nao, na macho ni ushahidi mmojawapo. Bei nayo ni ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wa California, Hilke Plassmann na wenzake, waliwaonjesha watu mvinyo uleule mara mbili, mara moja ukitajwa kuwa wa dola 90 na mara nyingine wa dola 10. Uliotajwa kuwa wa dola 90 ulipendwa zaidi, na picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Watu wale hawakujifanya. Raha yao ilikuwa kubwa zaidi kweli.

Ongeza na hili: mtu aliyefunga kebo mpya huketi kusikiliza kama hajasikiliza kwa miezi. Anazima simu. Anaucheza wimbo anaoujua tangu ujana wake na kuutega sikio noti kwa noti. Kila mara ukisikiliza hivyo utagundua kinanda kilichokuwa kimejificha nyuma ya gitaa. Kilikuwepo siku zote.

Kwa nini pesa ziende kwenye waya

Wengine hulimaliza suala hili kwa neno majivuno. Silikubali. Kebo hukaa nyuma ya kabati ambako mgeni hazioni, na mwenye nayo mara nyingi husikiliza peke yake, usiku, mlango umefungwa. Anayetaka kujionyesha angenunua saa au gari.

Sababu ya kwanza ni ya biashara. Duka la vifaa vya sauti hupata faida ndogo kwenye amplifaya na faida kubwa zaidi kwenye kebo, na Monster ilijenga jina lake kwa kuwafundisha wauzaji wa maduka kuitoa kebo pamoja na kila mashine. Washauri wa madukani huwaambia wateja watenge kama asilimia 10 ya gharama ya vifaa vyote kwa ajili ya nyaya. Itazame vizuri kanuni hiyo. Haisemi lolote kuhusu omu, urefu au unene. Inaifunga bei ya waya kwenye bei ya vitu vingine. Mtu mwenye vifaa vya dola 2,000 ataonyeshwa kebo za dola 200, na mwenye vifaa vya dola 200,000 ataonyeshwa za dola 20,000, ingawa shaba ya yule wa kwanza ingewatosha wote wawili. Kebo za dola 30,000 zipo kwa sababu spika za dola 300,000 zipo.

Ya pili ni ya mnunuzi mwenyewe, na ndiyo ninayoiona kuwa nzito zaidi. Mpenda sauti huishi na hamu ya kukaribia kidogo tena: mwimbaji asikike kama yumo chumbani, pumzi yake kabla ya mstari isikike. Hamu hiyo ni nzuri, sina neno nayo. Lakini mambo yanayoamua sauti kweli ni magumu kuguswa. Spika mpya ni kubwa na nyumba nzima ina maoni juu yake. Chumba hakibadilishwi bila fundi mwashi. Rekodi ilishafanywa, wengine waliopiga wameshafariki. Katika mnyororo wote huo, waya ndio kiungo ambacho mtu anaweza kukibadilisha kwa dakika tano, bila kumuudhi mtu, na kuhisi kwamba amefanya jambo. Huko Japani hamu hii imewafikisha wengine mbali: wapo waliojengewa nguzo yao ya umeme na transfoma yao uani, ili umeme wao usichangiwe na majirani. Gazeti la Wall Street Journal liliandika habari zao mwaka 2016.

Na wakati huohuo chumba kinafanya kile kinachotaka. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvimbisha sauti ya hertzi 43 hivi, iwe shaba, iwe fedha. Kwenye sauti nzito, viti viwili vya sebule moja vinaweza kupishana kwa zaidi ya desibeli 10, mara 200 ya ile desibeli 0.05 ya waya wetu wa mita 3. Kuta za zege, sakafu ya vigae, madirisha makubwa ya vioo na dari tupu huirudisha kila sauti usoni mwa msikilizaji. Zulia nene, mapazia mazito, rafu ya vitabu ukutani, kochi kubwa la kitambaa, na spika zilizosogezwa kutoka kwenye kona hufanya zaidi ya kebo yoyote iliyowahi kutengenezwa. Ningemwomba kila anayeweka akiba ya kebo aanze kwa kusogeza spika zake nusu mita mbele ya ukuta na kusikiliza kwa juma zima.

Shaba isiyo shaba

Kwa mnunuzi wa Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi hatari kubwa iko upande wa pili. Waya mwingi mnene unaouzwa kwa bei ya kuvutia ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake unazidi wa shaba halisi kwa zaidi ya nusu, huvunjika ukikunjwa mara kwa mara, na kwa amplifaya za magari unaweza kuchemka. Plastiki yake hufanywa nene ili waya wote uonekane mnono. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Uzi unaweza pia kuwa mweupe juu na mwekundu ndani, na huo ni shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nzuri, hasa pwani. Uzito nao husema, kwani shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule. Shaba halisi ya milimita 2.5 za mraba inatosha kwa sebule karibu zote. Kwa umbali unaozidi mita 10 na spika za omu 4, panda hadi milimita 4.

Na kama tayari unazo kebo za bei kubwa, na moyo wako unakwambia zinafanya kazi, usimsikilize mtu yeyote, mimi nikiwemo. Pima. Utahitaji waya wa kawaida wenye unene wa kutosha, rafiki mmoja, shuka la kufunika nyuma ya vifaa, na sarafu. Kitufe cha sauti kisiguswe, na kiti kisisogezwe. Rafiki anarusha sarafu mahali usipomwona. Sarafu ikiangukia upande mmoja anaunganisha waya wako, ikiangukia upande wa pili anaunganisha ule wa kawaida, na kila raundi achomoe na kuchomeka hata kama waya ni uleule, ili usimkisie kwa vishindo vyake. Anaandika kwenye karatasi yake, nawe unaandika kwenye yako. Fanyeni mara 16, mkipumzika mnapochoka, hata kwa siku kadhaa mkitaka. Mtu anayebahatisha tu hupata 12 au zaidi kwa nafasi isiyofika asilimia 4. Ukizipata, rudieni siku nyingine, na ukizipata tena, pimeni ukinzani wa nyaya zote mbili kwa mita ya fundi ya kupimia omu, maana kuna kitu cha kweli cha kutafuta.